Daftari la Shukrani: Namna ya Kujenga Sala ya Kila Siku Inayodumu, Kuanzia Jikoni hadi Madhabahuni

Wanawake wengi wa Moshi hawakosi kusali. Wanachokosa ni kukumbuka walichosali. Jumatatu umeomba ada ya mtoto ipatikane, Alhamisi imepatikana, Jumapili umeshahamia kwenye ombi jingine na ile ada haijashukuriwa. Ndiyo habari ya wakoma kumi wa Luka 17. Wote kumi walitakasika wakiwa njiani, akarudi mmoja, tena Msamaria. Wale tisa huenda walikuwa na haraka tu ya kufika nyumbani.

Mwongozo huu ni wa kutibu haraka hiyo kwa daftari moja na robo saa kwa siku. Unamfaa Mlutheri wa Machame, Mkatoliki wa Kibosho na Mpentekoste wa Pasua. Pale taratibu za kanisa zinapoachana, tumesema.

Vifaa

Nunua kaunta buku ya kwaya (quire) moja yenye jalada gumu, ile ya kurasa 96. Ukiandika nusu ukurasa kwa siku itakufikisha siku 192, yaani miezi sita na siku kadhaa. Daftari laini la shule halifai: jalada linakunjika, na watoto watalichana karatasi za kuchorea. Kalamu nunua mbili, moja uifunge kwa uzi kwenye jalada. Usidharau uzi huo. Nyumba yenye wanafunzi haina kalamu, na zoezi hili huvunjika kwa kukosa kalamu mara nyingi kuliko kwa kukosa imani.

Simu iache. Utaifungua uandike shukrani, ukutane na jumbe arobaini za kundi la harusi, na robo saa yako imekwisha kwenye rangi ya vitenge.

Daftari ligawe hivi: upande wa mbele ni wa shukrani. Kisha ligeuze juu chini, uanze upya kutoka nyuma. Huo ni upande wa maombi. Upande wa maombi chora nguzo tatu, yaani safu za wima: tarehe niliyoomba, ombi lenyewe, tarehe ya jibu. Nguzo ya tatu iwe pana, kwa sababu jibu mara nyingi linahitaji maelezo.

Biblia tumia uliyonayo. Ile ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, ndiyo inayosomwa makanisani mengi na ndiyo mistari yake tunayoijua kwa moyo, ila Kiswahili chake kimezeeka kidogo. Kama unakwama kwenye kila sentensi, soma Habari Njema nyumbani na ile nyingine uifuate kanisani.

Saa na mahali

Kosa la kwanza ni kujipangia saa kumi usiku kwa sababu mama mkwe huamka saa hiyo. Utamudu siku nne, ya tano utalala mpaka saa mbili na kujiona umeshindwa na Mungu mwenyewe. Usianze na saa. Anza na kazi ambayo huikosi hata siku moja, uipachike sala hapo.

Kwa anayetumia mkaa, kazi hiyo ni kuwasha jiko. Mkaa mzuri huchukua kama robo saa kushika vizuri, na muda huo wengi wetu huutumia kupepea na kunung'unika. Washa, weka jiko nje au mlangoni penye upepo, kaa kwenye kigoda na daftari lako. Kwa anayetumia gesi, pachika kwenye kuchemsha maji ya kuoga watoto. Mwenye kibanda Mbuyuni au Kiboriloni apachike baada ya kupanga bidhaa, kabla mteja wa kwanza hajafika. Mwenye kichanga apachike kwenye kunyonyesha kwa alfajiri, asali kwa sauti ya chini na kuandika baadaye. Mtoto hajali kama ni bembelezi au ni Zaburi.

Tahadhari moja, hasa kwa wanaoishi juu, Marangu au Uru, ambako Juni na Julai baridi huuma: usiingize jiko la mkaa chumbani, ukafunga dirisha ili usali ukiota moto. Moshi mnaouona siyo unaoua. Kinachoua ni hewa ya mkaa isiyo na harufu wala rangi, inayokuja na usingizi na kichwa kuuma. Jifunike blanketi, moto ubaki nje.

Robo saa yenyewe

Dakika mbili za kwanza nyamaza. Usiombe kitu. Mawazo yatakuja (unga umebaki kidogo, mwenye nyumba anataka kodi) na yote yaandike kwa neno moja moja pembeni ya ukurasa: unga, kodi. Ukishayaandika yanaacha kukuvuta shati.

Dakika nne zinazofuata soma Zaburi moja, kwa sauti, taratibu. Ziko 150, kwa hiyo ukisoma moja kwa siku utazimaliza kwa miezi mitano na siku kadhaa. Ukifika 119, yenye mistari 176, usiisome kwa siku moja; imegawanywa kwa herufi za Kiebrania katika mafungu 22 ya mistari minane minane, chukua mafungu mawili kila siku. Chagua mstari mmoja uubebe mpaka jioni.

Dakika tano ni za kuandika shukrani, nne za mwisho ni za maombi. Mpangilio huu ni wa makusudi. Wafilipi 4:6 inasema haja zijulikane na Mungu "kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru", na anayeanza na maombi hana dakika inayobaki kwa shukrani. Shida huwa ndefu kuliko robo saa.

Mistari mitatu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapopoteza ladha kufikia wiki ya pili. Wanaandika "Asante kwa uhai, afya na familia" Jumatatu, Jumanne hivyo hivyo, Jumatano wanachoka. Hakuna uongo kwenye sentensi hiyo, lakini haina kitu cha kushika. Shukrani inataka jina, idadi na saa.

Andika mistari mitatu tu:

Wa kwanza, kilichofika. Siyo "asante kwa biashara" bali: "Jana hadi saa nane mchana nilishauza ndoo mbili za nyanya, nikarudi nyumbani kabla ya mvua."

Wa pili, aliyetumwa. Kila siku kuna mtu aliyekubeba hatua moja. Mtaje: konda aliyekusubiri ukivuka barabara, jirani aliyeanua nguo zako, muuguzi aliyekueleza dawa mara mbili bila kukunja uso. Mstari huu una kazi ya pili: ndani ya siku hiyo hiyo mwambie mtu huyo asante kwa mdomo au kwa ujumbe. Wachaga wana neno fupi lake, aika, na tena wamelifanya jina la mtoto. Aika na Aikaruwa wamejaa madarasani, wanaitwa shukrani kila asubuhi bila mwalimu kuwaza.

Wa tatu, kilichobaki au kilichozuiliwa. Huu ni mgumu na ndio unaofundisha. "Umeme ulikatika, lakini maji ya kupikia nilikuwa nimeshavuta." "Pikipiki iliteleza kwenye tope la Rau, tukaanguka upande wa majani." Hapa ndipo unapoanza kuona yale ambayo hayakutokea.

Ukikosa cha kuandika, rudi saa ishirini na nne nyuma chumba kwa chumba: jikoni, kitandani, njiani, kazini. Asiyepata hata kimoja mara nyingi ana usingizi, basi alale.

Kosa jingine ni kuandika shukrani ya kujilinganisha: "Asante mimi si kama fulani ambaye mumewe amemwacha." Hiyo siyo sala. Yule Farisayo wa Luka 18 aliisali kwa ufasaha na hakwenda nyumbani na kitu.

Siku ambayo hakuna shukrani

Zipo. Msiba, mimba iliyotoka, mtoto aliyefeli, mume aliyepotea na mshahara. Siku hiyo usijilazimishe mistari mitatu. 1 Wathesalonike 5:18, "Shukuruni kwa kila jambo", hutumiwa vibaya sana na wafariji wa haraka wanaomtaka mjane acheke kabla maturubai hayajashushwa.

Tumia Zaburi ya 13 kama kiolezo. Ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza inauliza, na swali ni lile lile mara nne: "Hata lini?" Miwili ya kati inaomba. Miwili ya mwisho inategemea. Chora visanduku vitatu ukurasani: ninauliza, ninaomba, ninashikilia. Kisanduku cha tatu kikibaki kitupu, kiache kitupu, uweke tarehe. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, bila mstari wa furaha mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia.

Mambo mawili hayatibiwi na daftari peke yake. Ukiwa na huzuni isiyokwisha wiki mbili, hasa baada ya kujifungua, hulali hata mtoto akilala, huli, unawaza kujidhuru, nenda kituo cha afya uyaseme hayo kama yalivyo. Na kama unapigwa nyumbani, mtu asikuambie ushukuru na kunyamaza. Kuna dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Nenda nalo jambo hilo kwanza, sala itakufuata huko.

Upande wa maombi

Ombi liandikwe kiasi kwamba likijibiwa utajua. "Mungu atubariki" huwezi kuiwekea tarehe ya jibu. "Neema apate nafasi ya chuo kabla ya Oktoba" unaweza. Maombi yasizidi saba kwa wakati mmoja. Likiingia la nane, tafuta lipi limeshapita muda wake. Kwenye nguzo ya tatu andika ukweli: limejibiwa, limejibiwa kwa namna nyingine, limekataliwa, bado. "Limekataliwa" ni jibu halali na liandikwe bila aibu.

Siri za watu ziandike kwa herufi moja. Daftari huachwa kwenye kochi, na mgeni husoma. Hata kwenye jumuiya, ombi la mtu lipeleke ukiwa na ruhusa yake. "Tumwombee dada fulani, ana matatizo ya ndoa" ni umbea uliovaa kilemba.

Kupeleka shukrani kanisani

Kuna mambo yanayotaka kutolewa mbele za watu: umepona, umejenga, mtoto amemaliza shule, safari imeisha salama. Anza wiki mbili kabla.

Kwanza amua kiasi, ukiwa na hela mkononi. Sadaka ya shukrani haina kiwango na si fungu la kumi. Ni vitu viwili, na bahasha zake hutofautiana. Usiitoe kutoka kwenye mtaji wa duka wala mkopo wa vikoba. Mtaji wa nyanya ni chakula cha wiki ijayo, na anayekopa ili atoe huishia kuichukia sadaka yake kila siku ya marejesho.

Kisha ongea na mwenye kupanga. Usharikani ni mzee wa kanisa wa mtaa wako au mwinjilisti. Parokiani nenda ofisini ukaandikishe nia ya misa, useme ni ya shukrani na siku unayoitaka. Siku zinazojaa ni za Desemba, Wachaga wote wa Dar na Mwanza wakiwa wamepanda nyumbani. Hizo wahi Novemba. Andika karatasi ndogo ya kusomwa: majina, kinachoshukuriwa, basi. Karatasi ya ukurasa mzima hukatwa na msomaji, na atakata palepale ulipopataka.

Ukipeleka mazao, yapeleke kwa akili. Mkungu wa mshare, ndizi za kupika, ukate siku moja kabla na ufunge kikonyo kwa majani makavu ya mgomba, kwa sababu utomvu wake ukigusa gauni la kanisani hautoki tena. Mayai yapeleke kwenye trei ya 30, siyo kwenye mfuko. Kuku mfunge miguu kwa kitambaa, si kamba ya nailoni, na umweke kivulini nje. Ndani ya ibada atawika wakati wa sala ya toba. Maziwa mabichi yaache: ibada ya saa tatu ikienda mpaka saa sita, jua la Moshi litakuwa limeyageuza. Peleka mgando.

Katika sharika nyingi za Kilutheri za huku mazao hunadiwa nje baada ya ibada. Mzee anainua mkungu, anataja bei, bei inapanda kupita ya sokoni mara mbili au tatu, mnunuzi analipa halafu anasema, "Unadiwe tena." Mkungu mmoja unaweza kuuzwa mara nne na kuishia kwa bibi ambaye hakuwa na hela ya kunadi. Ukishiriki, njoo na noti ndogo na kikomo chako kichwani. Bei ya mnada ni ahadi: usipandishe kwa sababu shemeji anakutazama.

Ukipewa nafasi ya ushuhuda, una dakika tatu. Sentensi za lazima ni nne: nini kilitokea, lini, nani Mungu alimtumia, nini umekileta. "Bwana Yesu asifiwe" moja inatosha. Ya tano inakula muda wa mchungaji. Ugonjwa wa mtu mwingine usiutaje bila yeye kukubali. Na kama umeshukuru kwa kupona presha au sukari, dawa endelea nazo mpaka daktari aseme vingine. Daktari naye anaingia kwenye ule mstari wa pili.

Kabla ya sadaka: yule mliyekosana naye

Mathayo 5:23-24 inataka sadaka iachwe mbele ya madhabahu mpaka umepatana na ndugu yako. Wachaga walikuwa na chombo cha kazi hiyo kabla Wamisionari wa Leipzig hawajafika Kilimanjaro mwaka 1893: isale, lile jani jembamba linalopandwa mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Kumpelekea mtu isale ni kumwomba msamaha, na ni vigumu sana mtu kulikataa. Kama wifi yako hasalimii tangu mgawanyo wa shamba, tuma mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, siyo ujumbe wa simu. Mpe muda wa wiki. Akikataa, umefanya sehemu yako, andika tarehe.

Mezani

Watoto hawajifunzi shukrani kwa kuambiwa "sema asante". Wakati wa chakula cha jioni kila mmoja ataje kitu kimoja cha leo, kuanzia mdogo, na asirudie cha mwenzake. Sheria hiyo ya kutorudia ndiyo inayofanya kazi: wa nne hawezi tena kusema "chakula", inabidi atafute. Baba akiwa mgumu, msimlazimishe. Apewe kazi ya kufunga kwa sala fupi. Wengi wao huanza kutaja kitu kufikia mwezi wa pili, wakijifanya ni sehemu ya sala.

Kwa shukrani ya ukoo ya Desemba, panga dakika arobaini: wimbo, somo moja, majina ya waliofariki na waliozaliwa mwaka huo, shukrani za watu watano walioteuliwa mapema, sala, chakula. Ukiacha nafasi wazi kwa "yeyote mwenye neno", mjomba atazungumzia mipaka ya kihamba na machalari, zile ndizi za nyama, yatapoa.

Mwisho wa mwezi

Jumapili ya mwisho ya mwezi, mchana, soma kurasa zote za mwezi huo. Weka alama kwenye kila mtu aliyetajwa zaidi ya mara tatu. Huyo mpelekee kitu, hata ndizi mbivu tano. Pitia nguzo ya tatu ya maombi na ujaze yaliyojibiwa bila wewe kuona, maana hayakosekani mawili matatu. Ukikuta siku tupu, usizijaze kwa kubuni; ruka, endelea.

Daftari likijaa, andika kwenye jalada tarehe ya kwanza na ya mwisho, lifunge kwenye mfuko wa nailoni dhidi ya unyevu wa masika, uliweke mahali pa vyeti vya kuzaliwa. Jipya lianze jioni hiyo hiyo, na maombi ambayo bado yana nguzo tupu yahamishie humo pamoja na tarehe zake za zamani.